Gemu ya treni inayomfundisha mtoto kusoma ardhi

LIKIZO ikianza, malalamiko ya wazazi hufanana nyumba kwa nyumba. Mtoto haamki mapema, na akiamka jambo la kwanza ni simu au kompyuta. Ukimwita kula, jibu ni lile lile: "Nakuja mama, namalizia gemu." Wali unapoa, maharage yanaganda, gemu haijaisha.

Wazazi wengi hulimaliza jambo hili kwa kunyang'anya. Simu inafungiwa kabatini, waya wa kompyuta unafichwa, nyumba inanuna siku mbili, kisha kila kitu kinarudi palepale.

Ipo njia nyingine, nayo haimwondoi mtoto kwenye gemu. Inambadilishia kazi. Badala ya kucheza kwenye ramani aliyochorewa na mtu wa mbali, mwambie atengeneze ramani yake mwenyewe, ya mahali pa kweli, kwa vipimo vya kweli vya ardhi. Akiifanya kazi hiyo hadi mwisho, atajua jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui siku wanapotoa pesa yao kununua kiwanja.

Gemu yenyewe ni ipi?

Gemu ziko za aina nyingi. Zinazotuhusu hapa ni zile za mkakati, ambazo mchezaji hashindi kwa wepesi wa vidole bali kwa kupanga. Anajenga mji, anachora barabara, anagawa mali, na kila uamuzi una gharama yake.

Mojawapo inaitwa OpenTTD. Ndani yake mtoto anaendesha kampuni ya usafirishaji. Anaanza na mkopo wa benki, anajenga reli, barabara na bandari, ananunua treni, mabasi na meli, kisha anasafirisha abiria na mizigo. Akijenga vibaya, kampuni inafilisika. Gemu hii ilianza kutolewa mwaka 2004 na watu wanaojitolea, kwa kufuata mfano wa Transport Tycoon, gemu iliyobuniwa na Chris Sawyer na kutolewa mwaka 1994. Haiuzwi, inapatikana bure, na kompyuta ya zamani inaiendesha bila shida. Zipo nyingine za kulipia, kama Cities: Skylines ya mwaka 2015 iliyotengenezwa na kampuni ya Colossal Order ya Finland, lakini hizo zinataka kompyuta yenye nguvu zaidi.

Kinachozifanya zifae kwa kazi yetu ni kwamba zinapokea ramani kutoka nje. Mtoto anaipa gemu picha ya rangi ya kijivu, nayo inaigeuza kuwa nchi yenye milima na mabonde. Sehemu yenye giza inakuwa chini, sehemu nyeupe inakuwa juu. Swali ni moja tu: picha ya nchi yetu tunaipata wapi?

Vipimo kutoka angani

Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima ardhi kwa rada. Antena moja ilikuwa kwenye chombo chenyewe, nyingine kwenye ncha ya mlingoti wenye urefu wa mita 60. Ni kama macho mawili ya binadamu: ukifumba moja, ni shida kujua kikombe kiko mbali kiasi gani, ukitazama kwa yote mawili, unakadiria. Kwa njia hiyo Wamarekani, wakishirikiana na mashirika ya anga ya Ujerumani na Italia, walipima mwinuko wa karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote duniani.

Kwa miaka mingi, nchi zilizo nje ya Marekani ziliruhusiwa kupata vipimo vya kila mita 90 tu. Mwaka 2014 Marekani ilianza kufungua vile vya kila mita 30, na Afrika ndiyo iliyotangulia kufunguliwa. Leo yeyote anaweza kuvipakua bure, akishajiandikisha kwenye tovuti ya taasisi ya Marekani ya utafiti wa jiolojia, USGS.

Vipimo hivyo vimegawanywa katika vipande vya mraba, kila kimoja nyuzi moja kwa nyuzi moja. Kwa huku kwetu karibu na Ikweta, hiyo ni takriban kilomita 110 kila upande. Jina la kipande ni anwani yake. S07E036, kwa mfano, maana yake ni kwamba kona yake ya chini kushoto iko latitudo nyuzi 7 kusini na longitudo nyuzi 36 mashariki. Mtoto wa sekondari aliyechoshwa na latitudo na longitudo darasani atazitafuta mwenyewe hapa, maana asipozijua hapati ramani.

Ndani ya kipande kimoja kuna safu 3,601 za namba, na kila safu ina namba 3,601. Ni karibu namba milioni 13, na kila moja ni mwinuko wa sehemu moja ya ardhi kwa mita. Hakuna jina la mji wala rangi, ni namba tupu.

Siku Kilosa ilipokuwa bandari

Namba hizo hugeuzwa kuwa picha kwa programu ya ramani. Inayotumika sana ni QGIS, nayo ni ya bure. Hapa ndipo mtoto atakapokosea mara ya kwanza, na afadhali umwache akosee.

Tuseme amechagua hicho kipande cha S07E036. Ndani yake imo Kilosa, upande wa mashariki kabisa, na Mpwapwa upande wa kaskazini. Milima ya Ukaguru na Rubeho imeizunguka njia iliyo kati yake, ikiwa na vilele vinavyopita mita 2,000. Kilosa yenyewe iko takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari.

Programu, isipoambiwa vinginevyo, itachukua sehemu ya chini kuliko zote katika kipande hicho na kuipaka nyeusi tii. Gemu nayo inahesabu nyeusi kuwa bahari. Matokeo yake mtoto anafungua ramani yake na kukuta mawimbi yanapiga upande wa Kilosa. Mji ulio mbali na pwani umekuwa bandari.

Atacheka, kisha itabidi ajiulize: sufuri iko wapi? Jibu ni kwamba sufuri ni usawa wa bahari, si sehemu ya chini ya picha yake. Akilipata hilo, anarudi kwenye programu na kuiambia ianze kuhesabu kutoka baharini. Ile sentensi ya kitabuni, "mwinuko kutoka usawa wa bahari", haitamtoka tena kichwani.

Kosa la pili linahusu idadi ya rangi. Picha ya kijivu ya kawaida ina hatua 256 tu, kuanzia nyeusi tii hadi nyeupe pe. Mtoto akitaka kuiweka Tanzania nzima kwenye picha moja, hatua hizo 256 lazima zitoshe kutoka ufukweni hadi kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Mwache agawanye mwenyewe. Kila hatua inabeba karibu mita 23, yaani kimo cha jengo la ghorofa saba hivi. Kilima kifupi kuliko hapo kinaweza kumezwa kisionekane kabisa. Akibaki na kipande chetu cha Kilosa, ambako milima inaishia mita 2,000 na kitu, kila hatua inakuwa karibu mita 9, na ardhi inaonekana vizuri zaidi. Hapo amejifunza skeli bila kuimbiwa.

Kosa la tatu linatokana na rada yenyewe. Penye magenge makali, mawimbi yake hayakufika, na pale palibaki mashimo. Kwenye faili za mwanzo shimo limeandikwa namba -32768. Asiyeijua alama hiyo anaweza kudhani amegundua shimo lenye kina cha kilomita 32. Faili za baadaye zimezibwa mashimo hayo kwa vipimo vingine, lakini ni vizuri mtoto ajue kwamba namba iliyoandikwa na mashine si lazima iwe kweli.

Njia ya Mkondoa

Ramani ikishakaa sawa, mpe kazi: ajenge reli kutoka Kilosa kupanda magharibi hadi Gulwe, upande wa Mpwapwa.

Watoto wengi wataweka rula na kuchora mstari mnyoofu. Utagonga mlima. Kuukata mlima kunakula pesa, na treni ikipanda mteremko mkali inatambaa kama kinyonga. Kwenye reli za kweli ni hivyo hivyo: kupanda mita 2 kwa kila mita 100 za mwendo ni mwinuko mkali kwa treni yenye mzigo.

Akitulia na kuitazama picha yake ya kijivu, ataona ukanda mweusi mwembamba unaojipinda katikati ya weupe wa milima. Hilo ni bonde la mto Mkondoa. Akiifuata njia hiyo, reli inapanda polepole na pesa inatosha.

Sasa mwambie kwamba wahandisi wa Kijerumani waliona jambo hilo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, takriban kilomita 1,250. Mpwapwa ilikuwa kituo maarufu cha misafara iliyotoka pwani kwenda bara, lakini reli haikuingia mjini. Ilifuata bonde na kupita Gulwe. Ukiwa na ramani ya vivuli mbele yako, huhitaji mtu wa kukueleza kwa nini.

Kijana anayependa zaidi anaweza kupakua vipande vya kusini na kujaribu njia ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Ina madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20. Akifika kati ya Mlimba na Makambako, ambapo reli inatoka bonde la Kilombero kuzipanda nyanda za juu, atajua kwa nini sehemu hiyo iliwatoa wajenzi jasho kuliko nyingine zote.

Rada haikuyaona haya

Kama hadithi ingeishia hapo, somo lingekuwa kwamba kompyuta inajua kila kitu. Haijui.

Rada ya mwaka 2000 ilipima ilichokigonga. Penye msitu mnene, ilipima kwa sehemu miti na si udongo, kwa hiyo msitu unaonekana kama umeinuka. Katikati ya jiji, majengo marefu yanaonekana kama vilima. Juu ya ziwa, ilipima uso wa maji tu. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo gemu inayodhani maji yote yako kwenye sufuri italigeuza kuwa uwanda mkavu, na mtoto itabidi alijaze maji kwa mkono. Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika karibu mita 1,470, linaonekana tambarare kama meza, sawasawa na Victoria ambalo kina chake ni mita 80 hivi.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba rada ilipiga picha ya siku 11 za Februari. Mto uliofurika wakati mwingine wa mwaka haumo. Mteremko umo, maji hayamo.

Turudi Mkondoa. Bonde lile ambalo gemu inalisifu kuwa njia rahisi ndilo ambalo kwa miaka mingi limeisumbua Reli ya Kati. Kati ya Kilosa na Gulwe, mto umesomba tuta la reli mara nyingi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, mafuriko yaliikumba Kilosa, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli ikaharibika vibaya. Njia ya bei nafuu ilikuwa pia njia ya maji.

Hilo mtoto hatalikuta kwenye zile namba milioni 13. Atalikuta kwa babu au bibi aliyewahi kusafiri kwa treni kwenda Tabora au Kigoma, kwa jirani aliyefanya kazi reli, au kwa shangazi aliyelelewa Kilosa. Mwambie apige simu. "Shikamoo babu. Zamani mkisafiri wakati wa mvua, treni ilikuwa inakwama wapi?" Wazee wengi hukumbuka stesheni walizolala siku mbili, na nani alikuwa anauza nini dirishani. Hayo yote ni taarifa za ramani.

Baada ya simu hiyo, mtoto arudi kwenye gemu na kuweka alama pale maji yanapopita. Kisha aamue: aiache reli bondeni na kuikarabati kila mwaka, au aipandishe juu kwa madaraja na mahandaki na kukopa zaidi? Nchi nzima imekabiliana na uamuzi wa namna hiyo. Reli mpya ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma imetobolewa mahandaki katika milima ya Kilosa, kwa sababu treni ya kasi haiwezi kufuata kila kona ya mto.

Kuuliza watu nako ni kupima

Asifikiri mtoto kwamba kumpigia babu ni mchezo wa kitoto. Wataalamu hufanya vivyo hivyo.

Mwaka 2004 ilianzishwa nchini Uingereza ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, inayochorwa na watu wanaojitolea na inayotumiwa bure. Barabara, mito na majina ya mitaa ambayo rada haiyajui, mtoto anaweza kuyachukua humo na kuyaweka kwenye gemu yake. Sehemu kubwa ya ramani hiyo kwa Dar es Salaam ilichorwa kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo vikuu walipita mitaani pamoja na wakazi, wakaweka kwenye ramani nyumba, vichochoro na mifereji, na kuwauliza watu maji yalifika wapi.

Sababu ya kuuliza ilikuwa nzito. Desemba 2011 mvua kubwa iliipiga Dar es Salaam na zaidi ya watu 40 wakafariki dunia. Familia nyingi za bonde la Msimbazi, mto unaotoka milima ya Pugu na kuingia baharini kwenye Daraja la Selander, zilihamishiwa Mabwepande.

Siku ya kununua kiwanja

Hapa ndipo gemu inapoingia kwenye maisha ya nyumba.

Viwanja vingi huonyeshwa wakati wa kiangazi. Ardhi ni tambarare, majani ni makavu, bei ni nzuri kuliko mtaa wa juu, na dalali anaapa kwamba mvua ya hapa si tatizo. Familia iliyokusanya pesa kwa miaka kumi inatoa zote. Masika ya kwanza ndiyo inayowaambia ukweli.

Kijana aliyejenga reli ya Mkondoa ataiona hiyo tambarare ya bei rahisi kwa macho mengine. Atauliza iko kwenye sehemu nyeusi au nyeupe ya ramani. Atauliza maji ya mtaa wa juu yanashukia wapi. Anaweza kupakua kipande cha eneo lenu, akakuonyesha jioni moja mezani kama kiwanja kiko kwenye mkondo.

Lakini mkumbushe pia mipaka ya ramani yake. Kipimo kimoja kinabeba mita 30 kwa 30. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinaenea chote ndani ya namba moja. Ramani hiyo inaweza kukwambia kwamba bonde lipo, haiwezi kukwambia kwamba nyumba yako itapona. Jibu la hapo linatafutwa kwa miguu. Nendeni mvua ikinyesha. Tazameni ukuta wa jirani kama una alama ya tope, na ipo usawa wa goti au wa kiuno. Muulizeni mama anayeuza vitumbua pale njiani, na mwenyekiti wa mtaa. Kisha nendeni kwa maofisa ardhi wa halmashauri kujua kama eneo limepimwa na limetengwa kwa matumizi gani.

Mzazi afanyeje?

Kwanza, usimpe nchi nzima. Kipande kimoja kinatosha, na afadhali kiwe mahali mnapopajua: kijijini kwa bibi, au njia mnayopita kila Krismasi au Idi.

Pili, hesabu bando. Kipande kimoja kikiwa wazi ni takriban megabaiti 26. Apakue siku moja, kisha kazi iliyobaki haihitaji intaneti.

Tatu, kama nyumbani hakuna kompyuta, watoto wawili au watatu wanaweza kushirikiana kwenye ya ndugu au ya shule. Kazi hii inakwenda vizuri zaidi kwa kubishana.

Nne, acheze peke yake au na anaowajua. Kucheza mtandaoni na wageni ni suala jingine, na linahitaji mzazi awepo.

Tano, muda uwekewe mpaka kama kawaida. Gemu yenye faida nayo inaweza kumeza usiku mzima. Mkubaliane kwamba kila saa anayocheza iwe na swali moja la kuwauliza watu wa nyumbani.

Na wewe mzazi, akikuita uje uone, nenda. Usimwulize ana pointi ngapi. Mwulize maji yanapita wapi, na amejuaje.